Dawa Ilikuwa Kabatini

Ruiru,
Jumapili, baada ya ibada.

Kwako Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, Mama. Habari ya macho? Yule daktari aliyesema ungoje mtoto wa jicho akomae ndipo amtoe, bado anasema ungoje? Habari ya miguu, na ng'ombe, na mahindi ya kule chini mtoni? Huku kwetu mvua imenyesha wiki mbili bila kupumzika, na ploti yetu ni tope kutoka langoni hadi chooni. Mimi ni mzima wa mwili. Barasa na Nasimiyu waambie mama yao anawasalimu, na Barasa aache kumvuta dada yake blanketi, najua anafanya hivyo hata kama unamtetea.

Kwa kuwa macho yako hayasomi, najua anayekusomea maneno haya ni shemeji yangu Wycliffe. Wycliffe, habari yako. Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: usiruke mstari. Utafika mahali ukute jina lako, na mahali pengine utataka kuikunja barua hii uitie motoni. Isome kwanza hadi mwisho, mbele ya Mama, kwa sauti. Ukimaliza, ichome ukitaka.

Sikupiga simu kwa sababu ukipokea simu, Mama, boma zima linasikiliza. Na mimi nikisikia sauti yako tu nageuza maneno, naanza kuuliza bei ya mbolea. Nimefanya hivyo mara nne tangu tumzike mume wangu Wafula. Mara ya tano nimeona nichukue kalamu.

Jambo lenyewe ni hili. Wifi yangu Nafula alinipigia Jumanne akaniambia Wycliffe amekonda mpaka shati linamning'inia, anakunywa maji mchana na usiku, na kliniki hataki hata kuisikia. Anasema hospitali ilimuua ndugu yake kwa kumjaribia dawa, na yeye hatakuwa panya wao. Insulini anadunga siku anayojisikia, siku nyingine anakunywa mizizi ya yule mtu wa soko la Chwele. Mama, ugonjwa wa Wycliffe ni ule ule wa Wafula. Akiendelea hivi, tutachimba kaburi la pili kabla la kwanza halijaota nyasi. Na maneno anayoyashikilia yalitoka kwangu. Siku ya tatu baada ya mazishi, wazee walipoketi kuuliza kifo hiki kimetoka wapi, ni mimi niliyesimama nikasema, "Walikuwa wanamjaribia dawa ya kuweka puani." Kisha nikaketi. Sikudanganya, lakini niliusema ukweli nusu, na nusu nyingine nikaiacha huku Ruiru. Leo naituma.

Unajua Wafula alivyokuwa. Kazi ya kujenga haimpi mtu siku ya kuugua. Kule Theta mashamba yanakatwakatwa viwanja, nyumba zinaota kila mahali, na fundi mwenye mkono mzuri kama wake hakosi kuitwa. Lakini insulini ilikuwa inaisha kabla ya mwezi kuisha, akawa anajipunguzia ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Ndipo kliniki wakamwambia kuna utafiti Thika. Wanatafuta watu wazima wanaodunga insulini, wajaribu dawa ya mtu ambaye sukari imemshuka akazimia. Sindano ya kumwinua mtu kama huyo ipo tangu zamani, lakini lazima uichanganye kwanza, na nani anaweza kuchanganya dawa mumewe akiwa chini anatetemeka? Hii yao ni unga. Unaweka kifaa puani, unabonyeza, basi. Walitaka kujua kama unga unainua sukari sawasawa na sindano. Na muda wote uko kwenye utafiti, insulini na vya kupimia wanakupa.

Hawakumlazimisha. Walimsomea karatasi karibu saa nzima, naye akauliza maswali kama wakili. Akauliza, "Nikichoka katikati?" Wakamwambia, "Unaenda nyumbani, na hakuna mtu atakufuata." Kila mgonjwa alitakiwa kuja na mtu wake wa karibu wa kufundishwa kutumia ile dawa, kwa sababu aliyezimia hawezi kujiwekea. Mtu wa Wafula nilikuwa mimi.

Siku ya kwanza nilitaka kupigana nao, Mama. Walimlaza, wakamwekea insulini kwenye mshipa, wakamshusha sukari makusudi. Nilikaa pale nikiona jasho linamtoka kwenye paji la uso, midomo inatetemeka, maneno yanamkwama. Akaanza kumwita fahali wa marehemu baba yake, anamwambia arudi, asiingie kwenye mtama wa watu. Nikasimama.

"Mnaniulia mtu nikiangalia?"

Nesi aliyekuwa naye, Sista Wambui, mama mmoja mnene wa Gatundu, mpole lakini hachezi, akanishika bega. "Mama Barasa, keti kwanza. Tuko watu watatu hapa, na sukari ya mshipa ndio hiyo iko tayari. Tusipomshusha, tutajuaje kama dawa inamwinua?"

Kisha akachukua kile kifaa, kidogo, cheupe, akakiingiza kwenye tundu la pua na kubonyeza. Hakungoja Wafula avute pumzi, hakumwambia lolote. Nilikuwa nahesabu saa ya ukutani. Haikufika robo saa mtu wangu akafumbua macho vizuri, akaniangalia, akasema, "Nekesa, mbona umesimama kama mtu wa mnada?" Alitokwa na machozi jicho moja, akapiga chafya, akatapika kwenye beseni, akasema kichwa kinamgonga. Halafu akauliza kama kuna chapati.

Tulipotoka tulipitia maporomoko ya Chania, tukasimama upande wa barabara tukatazama maji yanavyoanguka, kwa sababu kuingia kwenye ile hoteli ya zamani si kwa watu kama sisi. Wafula alikuwa anacheka. Alisema amekuwa pande hizi miaka tisa na hajawahi kuyatazama yale maji akiwa hana saruji kichwani. Nilimpenda sana siku hiyo. Nakwambia ujue hakuteseka mikononi mwao, na kwamba alirudi kule kwa miguu yake mwenyewe.

Mara ya pili walimshusha tena, wakamwinua kwa sindano ya paja ili walinganishe. Hiyo nayo ilimwinua. Baada ya hapo wakasema sasa tuende na ile ya pua nyumbani, tukae nayo, na ikitokea amezimia niitumie, kisha niwapigie simu na kuandika kwenye kijitabu walichotupa.

Hapa ndipo nakuomba usikilize sana, Mama.

Sista Wambui alinikalisha akanifundisha kwa kifaa kisicho na dawa. Alinirudisha mara tatu. Aliniambia, "Hii ni ya mara moja. Usiijaribu kuona kama inafanya kazi, ukibonyeza hewani imeenda. Na skia Mama Barasa, isikae kwa begi, isikae kwa kabati, usiifungie. Ikae mahali hata jirani akiingia ataiona na aishike. Umeskia?" Nikasema nimesikia. Akasema, "Niambie vile nimesema." Nikamwambia neno kwa neno. Kwa hivyo siwezi kusema sikuelewa, na nisingetaka mtu anisemee hivyo.

Nilipofika nyumbani niliifungia.

Unalijua kabati langu la kioo. Ulipokuja Pasaka ile ulilisifu, ukasema sasa nimekuwa mwanamke wa nyumba. Ndani mna vikombe vya harusi vyenye maua, sahani ambazo hatujawahi kulia, vyeti vya watoto, na Biblia ya baba yako mkwe aliyoachiwa Wafula. Katika nyumba ya chumba kimoja, mahali pa kitu cha maana ni hapo tu. Na ploti hii wezi wake hawana aibu. Jirani yangu Mama Ciku aliibiwa mtungi wa gesi mchana, sufuria ya maharagwe ikashushwa chini taratibu na mfuniko wake juu. Nikaona dawa iliyotoka mbali namna hiyo, ambayo watu wamesaini kuipokea, ikiibiwa nitaenda kuwaambia nini Thika? Nikaisimamisha mbele, kati ya vikombe viwili, nikafunga. Ufunguo nikauvaa shingoni na kamba kama kawaida.

Wafula aliniambia. Alisema, "Si walisema ikae nje?"

Nikamjibu, "Nje wapi? Juu ya jiko? Hapo inaonekana, kioo si ukuta."

Akacheka, akasema wanawake wa Chwele wangeweza kufungia hata mvua. Hakunibishia tena. Nilimwonyesha hata Mama Ciku, kwa kujivuna kidogo, sifichi. Nilimwambia, "Ile pale ndiyo dawa ya Baba Barasa." Akainama akaiangalia kupitia kioo, akasema ni kitu kidogo hivi kweli.

Kuna Jumapili moja tulitoka kanisani sukari ikamshuka. Alikuwa anatetemeka lakini anajua jina lake, anameza. Nikampa maji ya sukari, akarudi. Hilo lilikuwa sawa, hata Sista alisema mtu akiweza kumeza apewe sukari. Kosa ni kwamba hatukuandika kwenye kijitabu. Tuliogopa wakijua inamshuka ovyo watamtoa kwenye utafiti, turudi kwenye kugawa chupa. Laiti tungeandika, wangempunguzia kipimo, kwa maana siku hizo alikuwa anadunga kingi na kazi ilikuwa imezidi. Na nikwambie nilichohisi jioni ile: niliangalia kabati nikafurahi kwamba dawa tumeihifadhi, haijatumika.

Sasa ile Jumamosi.

Mimi niliingia zamu saa moja asubuhi, kiwanda cha makadamia, kule Thika. Kule ukifika unavua kila kitu, pete, herini, saa, kamba ya shingoni, unafungia kwenye kijikabati chako pamoja na simu, kisha unavaa kofia na koti jeupe. Hawataki kitu kianguke kwenye njugu. Kwa hivyo ufunguo wa kabati langu ulikuwa Thika, ndani ya kijikabati kingine chenye kufuli.

Wafula alidunga, akanywa uji, akaenda Theta. Siku hiyo walikuwa wanamwaga slabu, ile sakafu ya ghorofa. Siku ya slabu hakuna kupumzika, zege ikishaanza kumwagwa inafuatwa mpaka mwisho, chakula kinangoja. Wenzake waliniambia baadaye kwamba mnamo saa nne alianza kukosea hatua kwenye mbao, msimamizi akamwambia ashuke kabla hajaanguka. Akapanda boda akaja nyumbani. Aliyemleta anasema alikuwa kimya tu, amelowa jasho.

Mama Ciku alikuwa anafua nje. Alimwona akiingia langoni anayumba, akamsalimu, naye akajibu maneno ambayo hayakueleweka. Na ilikuwa Jumamosi, Mama. Jumamosi kwenye ploti hii wanaume wanarudi hivyo, hakuna anayeshangaa. Mama Ciku alicheka. Aliniambia mwenyewe, analia, "Nilisema hata Baba Barasa leo ameonja, aki Ngai nisamehe, nikaendelea kufua." Mwanao ambaye hakuwahi kuonja hata busaa ya matanga. Aliingia ndani akarudisha mlango, na watu wakamwacha alale pombe yake.

Saa saba Mama Ciku alikwenda kunirudishia beseni. Alibisha, akasukuma mlango. Wafula alikuwa sakafuni mbele ya kabati, amelala kifudifudi. Kopo la sukari lilikuwa mezani limefunguliwa, na lilikuwa tupu. Sukari ilikuwa imeisha Ijumaa, nami nilikuwa nimesema nitanunua Jumapili nikitoka kanisani. Sijui alikaa pale muda gani akijua anachokitafuta. Nalifikiria jambo hilo nikiwa kazini, nikiwa najikanda miguu, nikiwa naomba.

Mama Ciku akapiga kelele, majirani wakaja, wanaume wawili na mama wa duka. Akawaambia, "Dawa yake ndio hiyo!" Waliiona wote. Ilikuwa pale nilipoisimamisha, kati ya vikombe. Mwanaume mmoja akasema wavunje kioo. Wa pili akasema, "Tuvunje kabati ya mtu na mwenyewe hayuko? Pigia mwenyewe kwanza." Wakanipigia. Wakanipigia tena. Simu ilikuwa inalia ndani ya kijikabati cha kiwanda, na mimi niko mezani natoa njugu zilizooza, naimba na wenzangu. Mama Ciku alivuta mlango wa kabati, akavuta, haukufunguka. Alikuwa na jiwe la kuzuia mlango karibu na mguu wake. Aliniambia, "Nililishika, Mama Barasa. Nikafikiria vile unapenda hiyo kabati. Nikaliweka chini."

Simlaumu. Mimi ningekuwa nyumbani kwake ningefanya vivyo hivyo, na wewe pia. Hatujafunzwa kuvunja kitu cha mtu.

Walimtia maji ya sukari mdomoni, yakatoka pembeni, mengine yakaingia kusikoingiwa. Wakambeba kwa gari la mwenye duka hadi kliniki moja hapa Ruiru. Daktari alijitahidi. Alisema alikuwa amechelewa sana, sukari ilikuwa chini kwa saa nyingi, na maji yalikuwa yamefika kwenye mapafu. Mimi nilivaa kamba yangu shingoni saa tisa na nusu, nikaangalia simu, nikakuta nimetafutwa mara kumi na moja. Nilipofika, walikuwa wamemfunika.

Nilirudi nyumbani kuchukua shuka. Kabati lilikuwa zima kabisa. Kwenye kioo palikuwa na alama za vidole vya Mama Ciku, za sabuni, zimekauka.

Siku mbili baadaye watu wa utafiti walikuja, Sista Wambui na daktari mmoja kijana, na mafaili yao. Walinipa pole kwanza, walikaa kama watu. Kisha Sista akauliza, "Ilikuwa wapi?" Nilivua kamba nikafungua kabati mbele yake. Alikitoa kifaa, bado kimefungwa vile vile alivyonipa. Alikaa nacho mkononi. Hatimaye akaniambia, "Sitakuandika vibaya, mama. Nitaandika tu vile ilikuwa." Akaniachia namba, akaniomba niwaambie watu wa nyumbani kwamba yuko tayari kuwaeleza. Namba hiyo sikumpa mtu.

Hiyo ndiyo dawa mnayosema ilimuua, Mama. Haikumgusa. Siku aliyoihitaji ilikuwa hatua moja kutoka kwenye mkono wake, na aliyeiweka mbali ni mimi.

Kwa nini sikusema mbele ya wazee? Niliona macho ya baba mdogo wa Wafula, na niliona Barasa amekaa miguuni kwako. Nikafikiri, nikisema nilifungia dawa, nitatoka hapa bila watoto na bila jina. Nikasema yale machache. Wengine wakayamalizia wenyewe, kila mtu akaongeza lake, mpaka hospitali ikawa muuaji. Wewe Wycliffe uliinuka ukachukua kadi yako ya kliniki ukaitia kwenye moto wa matanga. Nilikuona. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nikaangalia vidole vya miguu yangu. Niliona aibu, lakini zaidi ya aibu nilijiona nimepona, na hicho ndicho kinachoniumiza nikikikumbuka.

Sasa namba ya Sista Wambui nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie, muulize kila nililosema, asikuambie tu yale ninayotaka mimi. Na Jumatatu rudi kliniki. Kadi watakuandikia nyingine, wewe si wa kwanza kupoteza kadi. Waambie ukweli kwamba umekuwa ukiruka sindano, wasije wakakuanzishia kipimo cha zamani kikakuangusha.

Nawe Mama, nisamehe kwa hili ninalotaka kusema, mkwe hamfundishi mama mkwe mambo ya nyumba yake. Lakini sukari yako iko ndani ya lile sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo umeufunga kwenye pindo la leso. Najua unafanya hivyo kwa upendo. Kwa kuwa ugonjwa unaitwa sukari, unaona ukificha sukari umemkinga mwanao. Itoe. Iweke mezani kwenye kikombe kisicho na mfuniko, kila siku, na isikae tupu hata siku moja. Mwambie Nafula, waambie majirani wa pande zote mbili, kwamba Wycliffe akionekana anayumba au anaongea ovyo hajalewa. Wamlambishe sukari kama anaweza kumeza. Kama hamezi, wasimmiminie kitu mdomoni, wamlaze kwa ubavu na wamkimbize hospitali. Na wakikuta mlango umefungwa, wavunje. Waambie kabisa, kwa mdomo wako, kwamba umewaruhusu kuvunja.

Wazee wakitaka kuketi tena juu ya jambo hili, waketi. Nitaomba ruhusa kiwandani mwisho wa mwezi nije. Nitasimama pale pale niliposimama na nitasema kwa kinywa changu kila kilichoandikwa hapa. Ukiamua Barasa na Nasimiyu wabaki kwako, Mama, nitalia sana, sikufichi, lakini sitashindana nawe. Wewe umempoteza uliyemzaa.

Nisalimie baba mdogo, mwambie sina kinyongo naye. Nisalimie Nafula na mumewe, nashukuru kwamba alinipigia. Nisalimie yule mama wa kanisa aliyelala nami sakafuni siku zote za matanga, na shangazi wa Wafula wa ng'ambo ya mto. Mama Ciku wa hapa anakupa pole. Hawezi kuandika, anakaa tu hapa kitandani kwangu akiniangalia nikiandika.

Na wewe Wycliffe, asante kwa kusoma mpaka hapa, kama sauti haijakukauka. Sikuombi unisamehe. Nilikuacha uichukie hospitali kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko unichukie mimi. Sasa nichukie. Una haki hiyo, na nitaipokea. Lakini kula, dunga, nenda kliniki, unenepe kidogo, ili nikishuka pale kwa lango mwisho wa mwezi, uweze kusimama kwa miguu yako na kunitukana bila kuishiwa pumzi. Nitafurahi kuisikia sauti hiyo.

Ni mimi, mke wa marehemu mwanao,
Nekesa, mama Barasa.